Picha za usiku Nairobi bila chengachenga: wacha kuogopa ISO, tafuta mwanga

Msee akianza kupiga picha za usiku, kitu ya kwanza anauliza ni mbona picha zake ziko na chengachenga hivi, vile vidoti watu wanaita noizi, na ukimuuliza aliweka setingi gani atakujibu kwa fahari kabisa kwamba ISO (ile namba ya kukuza mwanga kwa kamera) hakupitisha 800, juu alisikia mahali ISO kubwa inaharibu picha. Alafu picha ikatoka giza, akafika nyumbani akaiingiza Lightroom, programu ya kurekebisha picha, akaivuta mwanga juu mpaka ikaonekana, na hapo ndio vile vidoti vyote vikatokea. Sasa hio ISO yake ya 800 ilimsaidia nini?

ISO haileti chengachenga, inazionyesha tu. Chenye kinazileta ni mwanga kuwa kidogo. Ukishaelewa hivo utaanza kupiga picha tofauti kabisa, juu badala ya kushinda unapigana na namba moja kwa kamera utakuwa unatafuta mwanga kwanza, na hizo namba zitajipanga zenyewe.

Iko hivi. Mwanga unaingia kwa sensa (kile kipande ndani ya kamera kinashika mwanga) kama chembe ndogo sana zinaitwa fotoni na haziji kwa laini, zinaingia tu ovyo. Sasa chukulia umesimama stage ya Railways unahesabu watu wanaopita kila dakika tano. Saa kumi na mbili jioni utahesabu 400, alafu 385, alafu 415, na kwa macho yako huo ni umati uleule. Rudi saa tisa usiku, utahesabu 4, alafu 2, alafu 6. Wamezidiana watu wawili tu lakini hao wawili ni nusu ya wote. Ndio hio inafanyika kwa kila pikseli (kadoti kamoja ka picha), penye mwanga ni mwingi pikseli jirani zinapata idadi inayokaribiana na ukuta unatoka laini, penye kuna giza hii inapata kidogo ile inapata maradufu na ukuta wa rangi moja unatoka madoadoa. Ukiongeza mwanga mara nne picha inakuwa safi mara mbili, hesabu ni ya kipeuo cha pili. ISO nayo inakuja baada ya sensa kushamaliza kuhesabu, inakuza tu kile kilipatikana, kizuri na kibaya pamoja.

Kama huamini fanya hii kitu leo usiku kwa nyumba. Zima taa zote uwache moja, weka kikombe mezani, kamera ikae kwa tripodi ama juu ya vitabu. Weka f/4 (tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na shata 1/50 (muda mwanga unaingia, sehemu ya sekunde) usiguse hizo tena. Piga moja na ISO 6400, nyingine na ISO 800, zote RAW (faili ghafi, kabla kamera haijaigeuza JPEG). Ile ya 800 itakuwa giza totoro, iingize kwa kompyuta uongeze mwanga stopu tatu (kila stopu ni mwanga maradufu) alafu uziweke kando kwa kando. Na kamera za sai utaona ziko karibu sawa, na za kitambo, zile DSLR wasee wengi wananunua mtumba, ile ya 800 iliyovutwa itakuwa mbaya zaidi, giza lake litakuwa na mistari na rangi ya zambarau imechafuka. Kwa hivyo kuogopa ISO hakukusaidii kitu, kunakuumiza tu.

Mwanga wa bure kwanza

Kabla hujashika kitufe chochote, sogeza mtu. Watu wanaruka hii na ndio inasaidia kuliko lenzi yoyote. Taa ndogo, kama balbu ya kibanda ama taa ya mlango wa duka, nguvu yake inapungua haraka sana ukienda mbali. Ukipunguza umbali kati ya mtu na taa kwa nusu, anapata mwanga mara nne. Yaani mtu amesimama mita 4 kutoka kwa taa unampiga na ISO 6400, mwambie asogee hadi mita 2, ISO inashuka hadi 1600 bila kutumia hata shilingi.

Chukua mfano wa mama anayechoma mahindi pale kando ya barabara na jiko lake, na hapo juu amefunga kataa ka LED kwa mwavuli. Ukimpiga akiwa amegeukia barabara, mgongo kwa taa, uso wote ni giza na chengachenga zitajaa kwa mashavu na kwa leso. Msalimie kwanza, nunua hata mahindi nusu, alafu umwambie, "Mama, hebu geuka kidogo hivi upande wa taa kama unageuza mahindi." Akiinama tu juu ya jiko, mwanga wa makaa unapiga kidevu kutoka chini na ule wa LED unashika paji la uso, na picha ileile uliyokuwa unaihangaikia kwa ISO 12800 sasa unaipata kwa 2000. Na ukishamaliza mwonyeshe picha, usitoroke nayo.

Tauni mwanga uko kila mahali ukiangalia, madirisha ya maduka, mabango ya matangazo, na hasa hizi sehemu za chips, juu mbele yake kunamulikwa utadhani ni studio. Simamisha mtu hatua mbili kutoka kwa hio kioo, uso ukiangalia ndani, wewe ukae pembeni. Nganya nayo ikiwa imepaki ni taa tosha, zile LED za mlangoni zinaweza kumulika makanga vizuri sana, ila mwombe kwanza, na usisimame barabarani na kamera ya watu ukijifanya mtalii.

Kuna ile dakika ya jioni pia. Nairobi tuko karibu na ikweta kwa hivyo jua linashuka wima na giza linaingia haraka, kutoka jua kuzama hadi giza kushika unapata kama dakika 20 na kitu hivi, si kama Ulaya ambapo mtu anazubaa lisaa lizima. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo kulingana na mwezi. Kama unataka picha ya majengo yakiwa yamewaka taa na anga bado ni ya buluu, kuwa umeshapanda jengo la KICC na kamera iko tayari kabla jua halijaenda. Ukifika saa moja na nusu anga imeshakuwa nyeusi, na nyeusi ndio chengachenga zinapenda kujificha.

Alafu lenzi

Lenzi ile inakuja na kamera, 18-55, ukizoom mwisho inafunguka hadi f/5.6 peke yake. Hio ni lenzi ya mchana. Kitu ya kwanza ya kununua ama kukodisha ni 50mm f/1.8, iko bei nafuu kuliko karibu lenzi zingine zote na kampuni nyingi kubwa za kamera zinatengeneza yake. Piga hesabu uone: uko kwa reception, hema, saa mbili usiku, bibi na bwana harusi wanakata keki, na 18-55 uko f/5.6, shata 1/125, ISO 6400. Weka ile 50mm ufungue hadi f/2. Kutoka f/5.6 hadi f/2 ni stopu tatu, mwanga mara nane, kwa hivyo ISO inatoka 6400 inaenda 800. Hakuna programu ya kompyuta itakupea hio.

Ila ujue f/2 ukiwa karibu, sehemu yenye iko kwa fokasi ni nyembamba sana, jicho moja linaweza kuwa safi na sikio limeshapotea. Watu wawili wawe kwa laini moja na lenzi. Ikiwa ni shosho na wajukuu kumi wamejipanga mistari mitatu usijaribu f/2, enda f/4 uongeze taa.

Ukubwa wa sensa pia unahesabika, full frame ni milimita 36 kwa 24 na inashika mwanga zaidi ya mara mbili ya zile ndogo za APS-C, hio ni kama stopu moja na kidogo. Ni kweli inasaidia. Lakini uangalie vizuri, lenzi ya f/1.8 imekupea stopu tatu kwa pesa kidogo na bodi mpya inakupea moja kwa pesa ya ploti. Mimi ningeanza na lenzi.

Shata na ISO

Shata ishushe mpaka mahali mtu haanzi kutikisika, hapo usipite. Mtu amekaa ametulia 1/80 inatosha, mtu anaongea kwa maiki 1/125, mtu anacheza densi 1/250, na bado utapoteza mikono kadhaa. Lenzi yenye stabilaiza inazuia mkono wako kutetemeka, haizuii bibi harusi kucheza. Na kama itabidi uchague kati ya chengachenga na picha iliyotikisika, chukua chengachenga kila siku, juu chenga unaweza kuzisafisha, uso uliotikisika utaufanyia nini?

Taa za hapa kwetu ziko na mambo yake. Stima ya Kenya ni hetzi 50, kwa hivyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama macho hayaoni. Ukiweka shata 1/400 chini ya taa kama hizo, picha moja itatoka ya manjano, nyingine giza, nyingine na mkanda katikati, na watu wanaita hio pia noizi. Rudi 1/100 ama 1/50 na nyingi zitatulia. Video nyingi za mafunzo zinatoka Marekani ambako stima ni hetzi 60 ndio maana wanakwambia 1/60 na 1/125, wewe chini ya taa kama hizo usifuate hio. Na zima ile shata ya kimya, ya kielektroniki, inaleta mikanda vibaya sana chini ya LED.

Sasa ISO. Venye naweka mimi: modi ya M, nachagua tundu la lenzi, nachagua shata, alafu ISO naiacha Auto na kikomo cha juu 6400, ama 12800 kama ni full frame ya juzi. Kamera inachagua ISO yenyewe na mimi naangalia watu. Kikomo chako ukitafute wewe mwenyewe na kile kikombe cha mezani, piga kutoka ISO 100 ukiongeza maradufu hadi mwisho, alafu uziangalie kwa saizi yenye utaprinti, si ukiwa umezoom 100%. Zile za mwisho kabisa zinaandikwa H1 ama Hi, wacha, hizo ni kamera inaongeza mwanga kwa hesabu tu baada ya kupiga, kitu unaweza fanya mwenyewe kwa kompyuta.

Alafu mita ya kamera, hii inachoma wengi. Mita haijui ni nini iko mbele yake, inataka tu kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Bibi harusi ana gauni jeupe, hema ni jeupe, nyuma kuna skrini ya LED, kamera inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, na bwana harusi mweusi tii ndani ya suti nyeusi anaingia gizani na chenga zote zinamwangukia yeye. Ngozi zetu nyeusi ziko upande wa chini wa mwanga tayari, ukikosa kidogo tu zinaingia penye uchafu uko. Kwa hivyo pima mwanga kwa uso, tumia spot (inapima kadoa kamoja tu), ama ongeza kile kitufe cha +/- hadi +0.7 ama +1, alafu uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga kwa skrini, giza kushoto na weupe kulia. Grafu iende kulia bila kugonga ukuta. Ikiwa uso umetoka mng'avu kuliko venye ulikuwa unataka, uupunguze kwa kompyuta baadaye, kushusha mwanga kunaficha chenga na kupandisha kunazifufua. Gauni likimetameta kidogo kwa skrini, vile vieneo kamera inakuonya mwanga umezidi, kwa RAW mara nyingi unaweza kuvirudisha, lakini gauni lote likimetameta umepitisha.

Piga RAW basi. JPEG kamera inakusafishia yenyewe ndani na inapaka kama losheni, nywele zilizosukwa zinakuwa kofia. Na ujue ile setingi ya kupunguza noizi ya ISO ya juu haigusi RAW, ni ya JPEG tu, usipoteze muda nayo.

Taa za zambarau

Hii wacha nikae nayo juu imewashinda wengi. Kesha, praise night, klabu, kila mtu sai ameweka LED za zambarau na buluu. Unapiga na ISO ileile ulitumia kwa hema na picha zinatoka kama zimepigwa na simu ya 2009. Sababu ni venye sensa imepangwa: kwa kamera nyingi nusu ya pikseli zinasoma kijani, robo nyekundu na robo buluu. Taa ya zambarau haina kijani karibu kabisa, kwa hivyo nusu nzima ya sensa yako imekaa gizani. Ikiwa ni buluu tupu, ni robo moja tu inafanya kazi. Alafu ukijaribu kurekebisha rangi ngozi ifanane na ngozi, programu inavuta kile kijani kisichokuweko na chenga zinakuja na kwaya nzima.

Cha kufanya, kwanza ongea na jamaa wa taa kabla ya ibada kuanza, si katikati. Mwambie tu akuwekee taa moja nyeupe ama ya manjano mbele ya madhabahu hata kama ni kidogo, wengi wanakubali bila shida, na hata mhubiri atatokea vizuri kwa live. Pili, taa hizo huwa zinabadilika kwa mzunguko, usipige mfululizo, ngoja zinapopita kwa nyeupe ama rangi ya chungwa ndio ubonyeze. Tatu, angalia histogramu ya rangi zote tatu, si ile moja nyeupe, juu ile buluu inaweza kuwa imeshagonga ukuta na ile ya jumla inakudanganya kila kitu kiko sawa. Na ikishindikana kabisa igeuze nyeusi na nyeupe. Si aibu. Chenga za rangi zinapotea zote, zile zinabaki zinafanana na filamu ya zamani na watu wanaipenda.

Kuhusu fleshi, itumie, mimi sina shida nayo, ila usiielekeze usoni. Igeuze juu igonge hema jeupe irudi chini, ukiwa na ISO 800 hadi 1600 hivi ndio zile taa za mapambo nyuma zisipotee. Hema la rangi ya machungwa litamfanya kila mtu awe wa machungwa, hapo tafuta kijana akushikie taa ya LED ya video pembeni.

Tripodi na majengo

Kitu isiyosonga ni rahisi. Nairobi Expressway na mistari ya magari, tripodi, ISO 100, f/8, sekunde 10 hadi 20, taima ya sekunde mbili ndio usitikise kamera na kidole. Ukiwa juu ya daraja la kuvukia la Mombasa Road ujue linatetemeka kila lori ikipita na kila mtu akikimbia, subiri patulie. Askari wa majengo mengi hawapendi tripodi, ongea na mtu kabla ya kuitoa kwa begi.

Ukiacha shata wazi muda mrefu kuna chenga za aina nyingine, vidoti vyekundu, vya kijani, vyeupe, mahali palepale kila picha. Hizo ni za joto la sensa, na zinaongezeka karibu maradufu kila joto likipanda kama digrii 6 hadi 8. Ndio maana Nairobi ya Julai na baridi yake inakupea picha safi kuliko Mombasa ya Februari. Kamera iko na setingi ya kupunguza noizi ya shata ndefu, inapiga picha ya pili giza tupu muda uleule alafu inatoa vile vidoti. Hii, tofauti na ile ya ISO ya juu, inagusa RAW pia. Ubaya ni ukipiga sekunde 20 unangoja 20 zingine, kwa hivyo ukiwa unakimbizana na ile anga ya buluu izime.

Huna muda wa kufungua shata? Piga picha nyingi zilezile alafu uziunganishe. Picha 4 zikichanganywa chenga zinapungua nusu, 16 zinabaki robo. Kwa Photoshop unaziweka leya, unazilinganisha, unazigeuza smart object moja na unachagua median, na faida yake ni watu waliopita mbele wanapotea pia.

Simu inafanya hivyo hivyo yenyewe. Night Sight ya Google ilikuja 2018 na Night mode ya iPhone 2019, na kazi yake kubwa ni kupiga picha kadhaa haraka na kuzipanga juu ya nyingine. Kwa hivyo egemeza simu kwa ukuta ama nguzo, mwambie mtu asitikisike zile sekunde tatu, na utumie lenzi ya 1x. Usivute zoom na vidole, juu usiku simu nyingi zinakata tu kipande cha sensa kubwa na kukikuza. Futa kioo pia, simu imetoka mfukoni na mafuta ya mandazi.

Kusafisha

Kwa kompyuta rekebisha mwanga na rangi kwanza, alafu ndio chenga, juu ukianza na chenga alafu uvute mwanga zinarudi. Anza na chenga za rangi, hizo toa bila huruma, macho hayatazikumbuka. Zile za mwanga, vile vidoti vya kijivu, toa kidogo tu, slaida ya 20 hadi 30 inatosha picha nyingi. Denoise ya AI ya Lightroom ilikuja 2023 na ni nzuri kweli, inaanza na 50 lakini mimi naishusha 30 ama 35, juu ukiiachia inalainisha uzi wa kitenge na shanga za shingoni zinakuwa mpira. Laptop ya kitambo itachukua dakika kadhaa kwa picha moja, kwa hivyo chagua zenye zinahitaji, si harusi nzima. Kama huna pesa ya kulipia kila mwezi, darktable na RawTherapee ni za bure, na ile moduli ya darktable ya kutoa noizi iko na vipimo vya kamera nyingi tayari.

Kunoa picha fanya mwisho, na uifinye iguse kingo tu, macho, nywele, kola. Ukinoa anga ya usiku umenoa chenga.

Na kabla hujakesha ukisafisha, jiulize picha inaenda wapi. Picha ya megapikseli 24 iko na upana wa pikseli 6000, Instagram inaionyesha na 1080. Yaani kama pikseli 30 zinachanganywa zinakuwa moja, na chenga nyingi zinajiishia hapo. A4 nayo inataka kama 3500 upande mrefu. Yule anazoom 100% kutafuta vidoti ni wewe peke yako, mwenye picha anaangalia kama ametokea mnono. Chenye kinaua kabisa ni WhatsApp, juu ikipata picha yenye chenga inashindwa kuibana vizuri na kila kidoti kinageuka kibokisi. Mtumie kama dokumenti ama umpe linki ya Drive, na ile ya Instagram ipunguze mwenyewe hadi 1080 kabla ya kupandisha, usiiachie app.